Mayi, Hukufa kwa Nimonia

Mayi wangu, mama uliyenizaa,

Sikuulizi hali. Yako naijua, na yangu utaisikia sasa hivi. Jumanne nilisimama katika korti ya Bungoma nikiwa nimevaa lile sweta lako la kijani, nikamwambia hakimu kwamba cheti chako cha kifo kinadanganya, na aliyefanya kidanganye ni mimi.

Najua umeshaanza kunikaripia. Ngoja kwanza.

Ulipokata roho pale wodini Kitale, daktari alishika kalamu, akaniuliza majina yako na umri, halafu kalamu ikasimama pale pa sababu ya kifo. Alijua. Hata mimi nilijua. Mwezi mmoja tu nyuma yake, mchungaji wetu alikuwa amekataza jeneza la mama Sikuku, aliyekufa kwa ugonjwa huo huo, lisiingie kanisani, akazikwa bila hata wimbo mmoja, sisi wote tukiangalia chini. Nikamshika daktari mkono. Nikamwomba aandike nimonia. Na si kifua kilikuwa kinakoroma kweli? Haukuwa uongo mzima. Ulikuwa nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuingiza kanisani, akina mama wa chama chako wakiwa na vitambaa vyao vyeupe kichwani. Uliimbiwa, Mayi. Hilo sijalijutia mpaka leo.

Basi baada ya matanga nikafungua ule mkebe wako wa mbegu za maharagwe. Unakumbuka tulivyokucheka? Kila karatasi ya nyumba hii, hata risiti ya jembe, ulikuwa unaifunga kwa nailoni na kuizika humo. "Chekeni tu," ulikuwa unasema, "lakini mtu aweke kalatasi." Humo nikakuta daftari lako la hospitali, la mwaka ule wa kura za mlolongo, themanini na nane, ulipomzaa Nekesa Bungoma na damu ikakataa kukoma. Daktari wao aliandika humo kwamba umewekewa painti mbili za damu, na namba za chupa zake akaziandika. Nilikaa chini pale jikoni, nikalia mpaka moto ukazimika. Kisha nikaenda kumtafuta wakili.

Ni kijana, ofisi yake iko juu ya duka la spea za baiskeli. Tukaishtaki hospitali ya Bungoma, naye akawabana mpaka wakatoa kitabu chao cha damu. Namba zako zimo, Mayi. Pale pa kuandika kama damu imepimwa, pako wazi. Wakati huo hospitali nyingine zilikuwa zimeshaanza kupima. Wao walikuwekea tu, kama mtu anayeongeza maji kwenye sufuria.

Nilidhani tumeshinda. Wakili wao akasimama na cheti chako mkononi. "Marehemu alikufa kwa nimonia," akasema. "Nimonia haiingii kwa damu." Akakaa. Nimonia yangu, Mayi. Niliyoiomba kwa mdomo wangu.

Nikamfuata yule daktari wa Kitale. Siku hizi ana kliniki yake karibu na Kipsongo. Alinitambua kabla sijakaa. "Si ni wewe uliniomba?" akasema. "Nitakuja kortini, lakini wewe useme kwanza. Sitaki nionekane mwongo peke yangu." Alikuwa na haki.

Khocha, ndugu yako, aliposikia nitasema, alikuja na hasira mpaka mlangoni. "Nafula, unataka kumzika dada yangu mara ya pili, na safari hii uchi?" Tangu hapo hakunisalimia. Na sokoni Ndalu kuna waliokuwa wanasema ati uliupata huko ulikokuwa unalala ukiuza maharagwe. Hapo ndipo woga uliponitoka. Nilikuwa nimekufunika kwa nimonia, na chini ya blanketi hilo hilo watu wakawa wanakutafuna wapendavyo. Aibu ya nini? Ulikosa nini wewe? Kuzaa?

Kwa hiyo Jumanne nilisema. Niliutaja ugonjwa kwa jina lake, ukimwi, na khocha ameketi kule nyuma. Wakili wao akaniuliza, "Ulidanganya wakati ule, ama unadanganya sasa?" Nikamwambia wakati ule. Daktari naye akasimama baada yangu, akakubali kila kitu.

Halafu Baba. Alikuwa amekubali kupimwa, na hana. Wakili wao akatabasamu kama aliyeokota kitu njiani, akamwuliza sasa mkewe aliutoa wapi, kama si kwake. Baba unamjua, maneno kwake ni kama mvua ya Januari. Alimgeukia wakili yule, akamtazama usoni. Kisha akasema, "Mimi nimelala na huyu mama miaka ishirini na mbili. Hiyo damu yenu alilala nayo usiku mmoja." Hakimu mwenyewe aliacha kuandika.

Hukumu ni mwezi ujao. Hakimu atasema lake, sitamsemea.

Lakini jana tulimwaga simenti kaburini kwako. Fundi alikuwa tayari kuandika upumzike kwa amani, kama anavyowaandikia wote. Nikamwomba msumari. Nikapiga magoti, nikaandika jina lako, na chini yake: "Alizaa. Wakamwekea damu isiyopimwa. Ikamwua." Nilipoinua kichwa, khocha alikuwa amesimama juu yangu na ndoo ya maji. Nikajua ataifuta. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Akaweka ndoo chini, akachukua msumari mkononi mwangu, na mbele ya jina lako akaongeza, "Dada yangu."

Sasa nakuaga. Hukumu ikisomwa nitakuja nayo hapa, nikusomee kwa sauti hata wapita njia wasikie, iwe tamu iwe chungu. Ikiwa chungu tutakata rufaa, na daftari lako liko palepale kwenye maharagwe. Nekesa ameanza kusoma. Asubuhi ya leo nilimkuta ameinama juu yako, anafuata herufi kwa kidole.

Lala, Mayi. Simenti imeshakauka.

Mwanao,
Nafula