Salamu Juu ya Barafu ya Jabal Shams

Ijumaa jioni, Nizwa, Oman. Hita inawaka, goti limevimba, na uso sina pa kuuweka.

Leo theluji imeanguka Jabal Shams. Huku kwetu ikifunika mawe tu, watu wote hupanda na magari, wakairundika juu ya boneti wateremke nayo kuwaonyesha watoto. Mimi nikapakia baiskeli.

Niseme kweli: nilikwenda kuwakomesha. Nyumba nimejijengea mwenyewe, lakini mashemeji mpaka leo wananiita "Bujumbura," eti huko nilikozaliwa tulipanda baiskeli kwa kukosa gari. Nikataka wanione nikipita pale magari yao yanapoteleza.

Hesabu niliipiga vizuri. Upepo wa matairi nikaupunguza nusu, yashike. Breki ya mbele, ya mkono wa kushoto, nisiiguse, gurudumu lisije likateleza. Nitumie ya kulia tu.

Salamu sikuzihesabu.

Baba mkwe, Mzee Nassor, alikuwa kakaa kando ya njia na wanawe. Aliyepanda ndiye humwanza aliyekaa kwa salamu, najua, lakini nilikusudia kupita kimya. Akaniwahi yeye: "Salaam aleikum, ya Sleiman!"

Mkono wa kulia ukanyanyuka wenyewe, maana mkwe hapungiwi kwa kushoto. Wa kushoto nao ukabana breki.

Nikaenda chini kama gunia.

"Bujumbura kaanguka!" shemeji akapiga kelele, wakacheka. Nami, badala ya kumjibu yeye, nikamgeukia mzee: "Na wewe, salamu zako haziwezi kungoja? Unataka kuniua?"

Kicheko kikakatika.

Mzee alikuwa keshaanza kuja, na makubadhi yake juu ya barafu, mikono kaitandaza asianguke. Akavua shali, akanifunga goti.

"Nisamehe, mwanangu. Nimefurahi tu kukuona."

Yeye ndiye aliyeomba radhi. Mimi nikaiokota baiskeli.

Mke wangu, aliyeyaona yote kutoka garini, ndiye aliyeendesha kurudi. Tulipofika akasema neno moja: "Babaangu hajakuita Bujumbura hata siku moja."

Kweli. Hajaniita.

Nimeishika simu, nimeiweka. Jambo hili si la simu. Kesho baada ya alfajiri nakwenda kwake Bahla, nimbusu kichwa, niseme nilichotakiwa kukisema leo mbele ya wanawe. Akinikemea nitashukuru.

Ninachoogopa ni asije akaniomba radhi tena kabla sijafungua mdomo.