Mkaguzi Alipofika Kiwandani

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na mama. Huku baridi imezidi. Sweta ulilonifumia silivui hata kitandani.

Juzi mkaguzi wa serikali alikuja kiwandani. Sisi wageni hatuijui vizuri lugha ya huku, kwa hiyo msimamizi wetu ndiye aliyetafsiri. Nilimwonyesha mkaguzi mkono wangu wa kulia, nikasema, "Msumeno wa nyama ulinikata vidole viwili. Waliondoa kifuniko chake cha kinga ili kazi iende mbio."

Msimamizi akamwambia, "Anasema aliumia kwake, akipasua kuni."

Hayo niliyaelewa. Nikapaza sauti kwa lugha yetu, "Mwongo! Ni hapahapa!"

"Anasemaje tena?" mkaguzi akauliza.

"Anashukuru kwa kazi."

Mkaguzi akatabasamu, akanishika bega, akaondoka. Ndipo msimamizi akaniambia, "Kibali chako cha kuishi huku ninacho mimi. Ukitaka kurudi kwenu, piga kelele tena."

Nikarudi kwenye msumeno uleule. Kifuniko bado hakuna.

Mama akiuliza mbona mwandiko wangu umeharibika hivi, mwambie niliandika kwa haraka.

Mimi mdogo wako.