Mpaka Sauti za Watoto Zisisikike

Mpendwa mama,

Jana waliniletea kisanduku cha intaneti darasani kwangu, wakataka kukipigilia ukutani, juu ya mikeka wanayolalia watoto mchana. Nikacheka peke yangu. Nilikukumbuka wewe na yule fundi wa mnara.

Ilikuwa bado vita. Kaka Hamisi alikuwa kambini Tanzania, hatujasikia sauti yake tangu akimbie. Simu za mkononi ndiyo kwanza zinafika Rumonge, na kampuni ilitaka kusimamisha mnara nyuma ya chekechea yako.

"Mama, hapa iko muzuri, rezo ya simu itakamata vizuri," alisema fundi.

"Na ile mionzi inafanya nini mu kichwa ya mutoto?"

"Haina kitu."

"Unajua, ao unazania?"

Nikakuvuta kitenge: mama, Hamisi! Hukugeuka. Ulisema tu, "Hata mimi ninataka kusikia wa kwangu. Lakini hawa iko watoto ya watu."

Basi fundi akauliza mnara ukae umbali gani. Ukamwambia apande kuelekea mlimani watoto wakiimba, na asipowasikia tena, hapo ndipo achimbe. Alikubali upesi, maskini, mtu wa Bujumbura. Ilikuwa saa nane mchana, na upepo wa ziwa saa ile hubeba sauti mpaka juu. Alitembea, akatembea, akaipita michikichi yote. Watoto walikauka koo. Nawe uliuma mdomo usicheke, binti wa mvuvi wewe!

Kutafuta kiwanja kingine kulichelewesha mnara miezi mingi. Nilikununia, mama. Niliona umewachagua watoto wa wenzio ukamwacha wako. Nisamehe.

Kisha mnara ukasimama huko juu, na asubuhi moja jirani akaja mbio na simu yake hadi uwanjani. Uliishika kwa mikono miwili. Watoto walikuwa wakiimba. Ukataka kuwanyamazisha, Hamisi akakukataza.

"Waache, mama. Kumbe Rumonge watoto bado wanaimba?"

Mwaka uliofuata alirudi. Kitinda mimba wake, mjukuu wako, ndiye anayelala mkeka wa karibu kabisa na ukuta ule.

Sijui kama mnara ungewadhuru. Wataalamu wananiambia nisiwe na hofu, nami siwabishii. Lakini juu ya vichwa vyao nimekataa. Mkurugenzi wa shule kauliza, basi kikae mbali kiasi gani?

Nimemwambia asubiri saa nane, upepo uanze.

Pumzika, mama.

Binti yako, yule aliyekununia