Vitunguu vya Asali na Ukwaju

Ushirombo,
Agosti 1983

Baba Anisia wangu,

Natumaini huko machimboni Nyarugusu u mzima. Sisi tunakukumbuka, hata mbwa akisikia kengele ya baiskeli hutoka mbio. Anisia kang'oka jino la mbele. Sukari bado haionekani dukani, kwa hiyo vile vitunguu unavyovipenda navipika kwa asali.

Mama yako hatoki tena kitandani, lakini jikoni bado ndiye mkuu. Nikishavikaanga na kutia ukwaju, anapaza sauti kutoka chumbani, "Generoza, asali bado! Ngoja ukwaju utulie!" Anajua kwa pua tu. Nikimtii, vinang'aa kama shanga, vitamu vyenye ukali kidogo, na hata ugali wa jana unashuka.

Sikutaka kukutia wasiwasi. Jumapili nilitia asali mapema, nikasikiliza. Kimya. Basi nikaviacha viungue makusudi, moshi ukajaa nyumba nzima, nami nimekaa na mwiko wangu nangoja kugombezwa.

Hakunigombeza, Baba Anisia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, leo hatupiki?"

Njoo.

Mkeo,
Generoza