Adela na Mgonjwa wa Litapunga

Mpanda, Jumanne, Julai 1975

Kama si mwenzangu Adela, leo utafiti wetu wa afya ungepata uongo mwingine.

Kule Litapunga kila swali Adela alilomuuliza mama wa nyumba, mumewe ndiye aliyelijibu. "Hapa hakuna mgonjwa," akasema. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshaandika.

Adela akanigeukia. "Ndugu Method, nenda na baba akuonyeshe ng'ombe. Mimi nitamsaidia mama kupukuchua mahindi."

Nikaelewa. Kule zizini mzee akanieleza mwenyewe: mwaka jana walikuja watu wa kuandika, kisha yeye na jamaa zake wakahamishwa kwa nguvu. Leo anatuona na karatasi...

Tuliporudi, Adela alikuwa amempakata binti mdogo, mwili unawaka homa. Mama alikuwa amemtoa ndani. Adela hakumsuta mume. "Baba Kulwa, karatasi zitangoja. Gari lipo, pandeni nyie wote tumpeleke zahanati." Mzee akapanda, njia nzima ameshika mguu wa mwanawe.

Tumesoma darasa moja, mimi na Adela. Haya sijui alijifunzia wapi.

Msimamizi wetu amefoka: kutwa nzima, kaya moja! Adela akajibu tu, "Na hiyo moja hatujaimaliza."

Naogopa watamrudisha Dar. Yeye hana habari. Jioni alipita zahanati, akarudi anacheka. Mtoto amekunywa uji, na mama yake, bila kuulizwa swali lolote, ameanza kusimulia habari za nyumba yake.