Maji Ndani ya Mazutu

Bukavu, Novemba 1999

Kwa yaya wangu Léopold, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, wewe na yaya Bibiane pamoja na watoto. Goma munaamka namna gani? Homa ya Jacques ilipona? Siye huku tunapumua. Maman anakula kidogo, anasali mingi, na ameniomba nikuandikie.

Unakumbuka zile membrane nilibeba toka kazini Lwiro wakati laboratware, ile maabara yetu, ilifungwa, ule utando mweupe unaokataa maji na kuacha mafuta yapite. Mulinicheka kwamba wenzangu walikimbia na magodoro, mimi na karatasi. Mwaka huu zilipata kazi. Wachuuzi wa mazutu, ile dizeli, wanaongeza maji ndani ya mapipa, wanatikisa mpaka inakuwa kitu kimoja cheupeupe, na grupe, ile jenereta ya maternité wanapozalisha wanawake, ilikuwa inazimika wakiwa mezani. Nilikaza utando kwenye funeli, mazutu ikashuka safi, maji yakabaki juu ya utando. Sista Carmel wa maternité alinikumbatia mpaka miwani yake ikaanguka. Nilijisikia mutu, yaya. Ulipokuja kwa Pasaka nikakuonyesha palepale uani, ukapiga makofi.

Kumbe Papa, baba yetu aliyebaki kijijini Nyangezi, alikuwa na furaha yake juu ya maji yale yale. Kule kamiyo, malori ya wanajeshi, zilikuwa zinapanda mulima zikikohoa, zinazimika kwenye kona, watu wanasikia, wanabeba watoto na mbuzi, wanajificha migombani. Askari wakifika wanakuta nyumba tupu. Papa alisema wale wezi wa mazutu ndio walinzi wa paroisse, parokia yetu, akacheka mpaka kikohozi kikamushika.

Mwezi wa tisa komanda wa wanajeshi wale wale alikuja kunichukua. Hakuuliza kama ninajua kusafisha mazutu. Alikuwa anajua hata jina la utando. Nilichuja mapipa yao kambini. Nilipojaribu kuchelewesha, alituma askari akakae sebuleni na Maman, bunduki kwenye magoti. Basi nikachuja vizuri.

Jumapili iliyopita kamiyo zilipanda Nyangezi bila kukohoa. Watu walikuwa ndani ya misa. Papa alitoka mulangoni kuomba wawaache kina mama wapite, wakamupiga risasi palepale, kitabu cha nyimbo kikiwa mukononi. Tulimuzika Jumanne.

Utauliza kwa nini sikukutumia habari mbio. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia bila kukutukana, na sijaipata. Wakati komanda ananirudisha nyumbani alinishukuru, akasema nimushukuru pia kaka yangu mukubwa wa biro yao ya Goma, aliyewaeleza kila kitu kwenye bia na kutaja mpaka mutaa wetu. Alisema walikupa cheo. Hongera.

Maman hajui. Kwake wewe uko bado mutoto wake wa kwanza, yule aliyesoma, na mimi sina roho ya kumunyanganya Papa na wewe ndani ya wiki moja. Anakuomba uje kwenye matanga. Siwezi kukukataza, iko nyumba ya baba yako. Lakini ile gari ya biro usiilete kule. Kama unataka kumulilia Papa, panda ule mulima kwa miguu, watu wakuone ukiwa bado mbali, wapate wakati wa kuamua kama watakupokea.

Mubusie Jacques kwa niaba ya shangazi yake. Bibiane umwambie yeye hana kosa wala deni lolote kwangu.

Ni mimi dada yako,
Priscille