Kamba ya Babu na Matundu ya Nyambizi

S.L.P. 88,
Makambako,
14 Juni 2025.

Mpendwa dada Konsolata,

Shikamoo dada. Kamwene, kama wanavyosema majirani. Hujambo huko Bremerhaven? Na shemeji Abrahamu, bado anafanya kazi za usiku? Sisi huku wazima, baridi tu inatukata masikio, na upepo wa Makambako unaujua, hauombi ruhusa. Mama magoti yanamsumbua ila shamba haachi, na viazi vimetoka vizuri mwaka huu.

Babu Alois anakula, anasali, anaigombeza redio betri zikiisha. Macho ndiyo basi. Ile presha ya macho imemaliza na jicho la kushoto tangu Pasaka. Sasa anatujua kwa hatua zetu.

Najua unashangaa karatasi wakati meseji zipo. Babu ndiye kataka. Soma tu, utaelewa.

Unaikumbuka nyambizi yetu? Ile ya plastiki uliyoiokota kwenye fungu la midoli ya mitumba pale mnadani, boksi limechanika, karatasi ya maelekezo nusu. Wewe kidato cha tatu, mimi darasa la tatu. Tukaiunganisha kwa gundi ya viatu, tukaipaka kiwi nyeusi, nyumba nzima ikanuka kama bweni la wavulana. Nikisikia ile harufu hata leo naona vidole vyako vyeusi, na Mama anakukataza kushika ugali.

Halafu Babu akaona yale matundu madogo ubavuni. Mtu aliyeunda mitumbwi na maboti kule ziwani Manda miaka arobaini, umwonyeshe chombo kina matundu pande zote mbili. Akachukua pamba ya godoro na lami ya barabarani, akaziba moja moja kwa kucha. Tukaitia kwenye beseni, ikaelea kama bata. Ukamwambia, "Babu, hii kazi yake ni kuzama." Akajibu, "Hakuna chombo ambacho kazi yake ni kuzama." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sijui kama tumewahi kucheka hivyo tena tangu uondoke.

Sasa dada, mwezi Machi nimeitoa kabatini nikaanza kuirekebisha. Unajua nikishika kitu silali. Kwenye kibanda changu cha simu nina kila kitu, vibanio, msasa laini, kekee ndogo kama sindano. Nimeangalia video, nimekuza zile picha ulizotuma umesimama mbele ya nyambizi ya makumbusho ya huko, aina ile ile ya yetu, nimepima kila kitu. Mapanga ya nyuma ya kusukuma maji yalikuwa manene kama vijiko, nimeyakwangua. Darubini nimetengeneza kwa sindano ya bomba, reli za juu kwa waya wa chaja. Kibanda cha juu kilikuwa kirefu mno, nimekipunguza milimita tatu. Wateja wananiuliza simu zao, mimi nakwangua.

Nikafika kwenye matundu. Na ukweli, dada, ni kwamba yanatakiwa yawe wazi. Lile la nje ni gamba tu, maji yanaingia na kutoka kwa yale matundu. Watu wanakaa kwenye chombo cha ndani, kigumu, kimefungwa. Basi nikatoboa upande wa kulia wote, ile lami ya Babu ikatoka vipande vipande. Nikafurahi kama mjinga.

Sikujua kwamba kila nikiirudisha nyumbani, Babu anaishika. Jioni ile nikamkuta ameipakata.

"Idda, nani katoboa?"

"Mimi, Babu. Ndiyo sahihi, picha zinaonyesha."

"Picha zinamwonyesha nani?"

Nikamweleza mambo ya gamba na chombo cha ndani, akasikiliza, kidole chake kinapita tundu hadi tundu. Mwisho akasema, "Niliziba wanangu wasizame. Kama nilikosea, nataka niambiwe na mkono, siyo na simu. Konsolata yuko huko. Akaguse."

Tangu siku hiyo upande wa kushoto sijaugusa. Nimetamani, sikufichi. Ila ile lami ina alama za kucha zake, nikiitoa hairudi, na kuiona nyambizi yenyewe Babu hawezi tena.

Ndani ya bahasha kuna kamba. Babu kaifunga mafundo mwenyewe, kama alivyokuwa akipima mbao Manda. Boksi linasema kipimo ni moja kwa sabini na mbili. Matundu yetu yameachana milimita tano, kwa hiyo kwenye chombo kikubwa ni sentimita thelathini na sita, fundo hadi fundo. Nimempimia kwa rula ya darasa langu la saba, kafunga yeye. Nenda pale makumbusho, mwombe mlinzi vizuri, weka kamba ubavuni. Ingiza mkono kwenye tundu. Kama mafundo yanakaa kwenye matundu, funga fundo lako mwishoni, lile la kusukia nywele alilotufundisha Mama, Babu analijua kwa kidole. Kama hayakai, irudishe ilivyo, nitaanza upya.

Usikawie, dada. Sisemi zaidi.

Msalimie shemeji. Mama anakusalimu, anauliza kama unavaa soksi. Mama mdogo Hulda wa Njombe kajifungua mtoto wa kiume, salama.

Babu anasema Mungu akuzibie kila penye ufa. Kipande kilichobaki cha kamba kakipiga mafundo yale yale, kakifunga kwenye mguu wa kitanda chake, na jana nilimsikia akihesabu mafundo, akifika la mwisho anaacha vidole hapo hapo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Idda